Vitimbi Katika Santuri

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yangetupotea karibu yote lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mwalimu huyo, miongo kadhaa baada ya mshairi kuzikwa, aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wakiyakumbuka, akayaandika, akamkabidhi mmisionari wa Kiingereza W. E. Taylor pamoja na maelezo. Maelezo hayo ndiyo ninayotaka yaangaliwe. Hakuandika beti peke yake. Alieleza beti hizi zilisemwa kwa ugomvi gani, zilimlenga nani, na neno hili wakati ule lilikuwa na fumbo gani. Diwani ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima ilikuwa imepita, na hata hivyo msomaji wa leo aweza kucheka pale Muyaka alipokusudia watu wacheke, kwa kuwa yupo mtu aliyetangulia kumwonyesha kichekesho kilipo.

Haja ya makala haya si ushairi wa Muyaka. Ni jambo ambalo mwalimu wa fasihi huenda asilione kuwa na uzito: zile santuri za video, ambazo vijana huziita sidii na dividii, zilizojaa katika masanduku majumbani mwetu, na hasa santuri za mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao Vitimbi. Nadai kwamba mwenye kuzikusanya anafanya, kwa kujua au kwa kutojua, kazi ya Mwalimu Sikujua, na kwamba karibu sote tunaifanya nusu. Tunahifadhi beti, tunatupa maelezo.

Kwa wanafunzi waliozaliwa juzi, yafaa kueleza. Vitimbi ulikuwa mchezo wa Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilirudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Ulianza kuvuma katika miaka ya 1980 na ukadumu kwa miongo. Kila juma ulileta kisa kimoja kinachoanza na kwisha palepale. Kiini chake ni mume na mke: Mzee Ojwang', aliyechezwa na Benson Wanjau, ambaye alifariki tarehe 12 Julai 2015, na Mama Kayai, aliyechezwa na Mary Khavere. Mzee ana majivuno ya umri bila hekima ya umri. Mke anayo hekima, ila hapewi nafasi ya kuitumia mpaka mambo yameharibika. Jambo dogo linaingia nyumbani, aghalabu fedha au heshima. Mzee analishika vibaya. Kila anayejaribu kulinyoosha analipinda zaidi. Na baada ya muda usiotimia saa, nyumba inarudi ilivyokuwa. Juma lijalo hakuna aliyejifunza kitu.

Kitabu hiki ni cha utamaduni wa Taifa, na msomaji ana haki ya kuuliza mchezo wa Nairobi umeingiaje. Ningeweza kumjibu kwamba hata Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa na hatujapata kumtoa katika mitihani yetu. Lakini jibu la haki ni la kihistoria. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni, kwa hiari yake, mpaka mwaka 1994. Serikali iliona kwamba nchi yenye upungufu wa madarasa na zahanati haina sababu ya kununua anasa hiyo, na kwamba redio yatosha. Sioni haya kusema kwamba uamuzi ule ulikuwa na busara yake. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kichekesho chetu kikuu cha miaka ile kilikuwa cha masikio: Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao majina yao yalitoka katika methali na yakarudi mitaani yakiwa majina ya watu. Mchezo wa kuchekesha wa Kiswahili uliotazamwa kwa macho, juma kwa juma, kwa miaka mingi, ulikuwa kwa jirani. Tukitaka kujua Kiswahili kilichekesha vipi katika televisheni ya zama zile, hatuna budi kubisha hodi huko.

Nasi wa Kibondo tuna sababu ya ziada. Hata baada ya 1994 televisheni haikutufikia kwa siku moja. Dishi la setilaiti lilikuwa mali ya wachache, na umeme ulikuwa wa jenereta ya mtu binafsi, unaozimwa mafuta yakipungua. Kilichotufikia kilikuwa mkanda wa video, kisha santuri, ndani ya basi litokalo Kahama, katikati ya maboksi ya betri na sabuni. Vijana walilipa kiingilio kidogo wakabanana katika kibanda umiza, deki ikinguruma juu ya meza, na humo ndimo wengi walimwona Ojwang' kwa mara ya kwanza. Hapa pana tofauti ambayo wanaoandika habari za kukusanya santuri huko Ulaya na Marekani hawana haja ya kuifikiria. Kwao, mtu hununua sanduku zima la mchezo wa zamani ili akumbuke alichokiona utotoni kwa mfuatano wake. Ananunua kumbukumbu. Kwetu santuri haikuwa kumbukumbu ya televisheni. Ndiyo iliyokuwa televisheni. Hatukupata kuujua mfuatano tukausahau. Hatukuujua kamwe.

Aliyepata kufanya kazi katika masjala ya Serikali anaijua barua isiyo na tarehe. Yaweza kuwa na saini, na muhuri, na maneno mazito. Lakini karani hajui aiweke juu ya ipi na chini ya ipi, na mwisho wake huishia katika jalada la mchanganyiko, ambalo ni kaburi la karatasi. Santuri zetu ziko katika hali hiyo. Juu ya moja niliyonayo pameandikwa kwa wino "Vitimbi 4", na nne hiyo si ya mtayarishaji wa mchezo. Ni nne ya muuzaji, aliyekuwa akihesabu santuri alizochoma jioni ile. Juu ya nyingine pameandikwa "Ojwang Kali". Nyingine haina neno lolote. Ndani mna visa viwili au vitatu: kimoja kimeanzia katikati kwa sababu aliyekuwa akirekodi alichelewa kubonyeza kitufe, kingine kimekatwa na taarifa ya habari. Mkanda ulihamishiwa santuri, santuri ikabanwa ili iingie na visa vingine, nakala ikabanwa tena, na kila mkono uliopita uliongeza kosa lake, kama wanakili wa tenzi walivyokuwa wakiongeza ya kwao. Nao wanakili wa kale walitushinda kwa hili, kwamba wengi wao walipofika mwisho wa kazi waliweka jina lao na tarehe.

Mtu atasema: ikiwa kila kisa kinajitegemea, na nyumba ya Ojwang' haibadiliki, mfuatano wa nini? Hili ni pingamizi la maana na lisipuuzwe. Katika tamthilia kama zile tunazozisomesha darasani, onyesho la tatu halieleweki bila la pili. Katika mchezo wa namna ya Vitimbi, mtazamaji aweza kuanza popote. Hiyo ndiyo siri ya umbo hili na ndiyo iliyoufanya uuzike vipande vipande katika masoko yetu. Lakini kutobadilika kwa nyumba ndiko kunakotuonyesha mabadiliko ya nje. Nyumba ile ni kama kipimo cha mvua kilichochomekwa uani: chenyewe hakiendi popote, na kwa sababu hiyo twajua mvua ya mwaka huu na ya mwaka jana. Nje ya mlango wa Ojwang' bei zilipanda. Mfumo wa chama kimoja uliondolewa katika katiba ya Kenya mwezi Desemba 1991, na kwetu vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992. Vijana wakaingiza maneno mapya katika sentensi za Kiswahili. Simu ikatoka ukutani ikaingia mfukoni. Mzee yuleyule, mwenye majivuno yaleyale, alikutana na mambo hayo yote. Ukivitazama visa ovyo ovyo unamwona Mzee tu. Ukivipanga, unaiona nchi ikipita dirishani.

Kwa hiyo mkusanyaji hana budi kuwa mpelelezi. Panapokosekana tarehe, kisa chenyewe hutoa ushahidi. Kikianza kwa jina la Sauti ya Kenya, ni cha kabla ya 1989 au karibu na hapo. Mtu akisema atatuma fedha kwa M-Pesa, kisa hakiwezi kuwa cha kabla ya Machi 2007, maana huduma hiyo haikuwapo. Simu ya mkononi mikononi mwa mtu wa kawaida ni alama ya miaka ya 2000. Bei ya sukari ikitajwa, ni ushahidi. Noti ikitolewa mfukoni nayo ni ushahidi, kama inaonekana ina sura ya Rais gani. Na hapo ndipo ubovu wa santuri zetu unapotuumiza. Santuri ya video ya aina ya zamani, ile ya VCD, huchora picha kwa nukta 352 kwa 288 tu. Ikibanwa tena, uso wa mtu huwa vigae. Twamsikia Ojwang' akiisifu fedha yake, lakini alichoshika mkononi ni doa la kahawia.

Kuna aina ya santuri ambayo naionea hasira kuliko hizo mbovu. Ni ile ya "vicheko bora", iliyokatwa na fundi mwenye kompyuta akidhani anatuhurumia. Ameondoa mazungumzo, akaacha maanguko. Mzee anateleza, Mzee anafokewa, Mzee anakimbia, dakika arobaini za kuteleza na kukimbia. Nimeitazama pamoja na vijana, nao walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kisha wakatoka nje mmoja mmoja. Hawakuweza kusema kilichowachosha. Nadhani kilichowachosha ni hiki: kicheko cha mchezo wa namna hii ni mavuno, na fundi yule ameng'oa shamba akaacha magunia. Ojwang' anapoanguka katika dakika ya ishirini tunacheka kwa sababu katika dakika ya tatu aliapa kwamba hajapata kuanguka, na katika dakika ya tisa Mama Kayai alimtazama bila kusema neno. Yule mama kunyamaza ni nusu ya mchezo. Fundi ameliondoa tazamo kwa sababu halina kelele.

Sasa niingie katika jambo gumu, nalo ni lafudhi. Mzee Ojwang' anasema Kiswahili cha Mjaluo. Benson Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile, basi, ni vazi alilovaa msanii, kama miwani ile mikubwa. Na waliomzunguka katika michezo ya KBC walikuwa nao na mavazi yao, mmoja akisema kama mtu wa kabila hili, mwingine kama wa lile. Walimu wengi wa Kiswahili wameniambia kwamba kwa sababu hiyo hawataki santuri hizi ziingie shuleni. Wanasema zinaharibu matamshi, zinavuruga upatanisho wa ngeli, na zinafundisha watoto kuchekana makabila. Mashtaka mawili ya kwanza siyaogopi sana. Mhusika akikosea ngeli, kosa ni la mhusika, na mwanafunzi anayeweza kulitaja kosa hilo na kueleza kwa nini linachekesha amekwisha kujua sarufi kuliko yule aliyeikariri ubaoni. Shtaka la tatu ni zito, na sisi Waha tunajua uzito wake.

Wengi wetu tunaosema Kiha ulimi hutukwama baina ya r na l. Mshairi wa huku hujifunza mapema kwamba kina cha -la na kina cha -ra si kimoja, hata kama sikio la nyumbani linaapa kwamba ni kimoja. Hujifunza kwa kuchekwa. Mtoto wa Kibondo au Kasulu aliyepelekwa shule ya mbali, akisimama kusoma, anajua darasa linamsubiri afike penye l. Wako ambao kwa sababu hiyo tu huamua kunyamaza miaka minne. Na nimesikia kwa masikio yangu mwanafunzi, wala si Mjaluo wala hajapata kuiona Kisumu, akibandikwa jina la Ojwang' na wenziwe kwa sababu alitamka neno kwa ulimi wa kwao. Santuri ilikuwa imewapa fimbo.

Lakini je, fimbo hiyo imo katika mchezo, au imo katika namna ya kuutazama? Wazee wetu walikuwa na utani. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana, na katika utani huo maneno makali kuliko yote ya Vitimbi yalisemwa, hata msibani, na hakuna aliyekwenda kushtaki. Utani uliwezekana kwa sababu mtani yuko mbele yako na ana ruhusa ya kurudisha. Ni mchezo wa watu wawili. Santuri inamchukua mtani mmoja, inamsafirisha maili mia kadhaa, na kumweka mbele ya watu wasio watani wake, ambao hawezi kuwasikia wakicheka wala kuwarudishia. Kilichokuwa utani Nairobi, ambako Mjaluo na Mkikuyu na Mluhya walikuwa wote sebuleni wakitazama na kila mmoja akingoja zamu yake ya kuchekwa, kinafika kwetu kimekatwa upande. Hapa ndipo nasema maelezo si pambo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mchezaji si wa kabila analoliigiza, na kwamba katika kundi lile kila kabila lilikuwa na zamu yake, anaona kitu kingine kabisa. Anaona ustadi. Anaanza kusikiliza jinsi Wanjau alivyoipima lafudhi ile, wapi aliikaza na wapi aliilegeza.

Na akisikiliza hivyo atagundua, kama nilivyogundua mimi katika visa nilivyonavyo, kwamba ubora wa kisa waweza kupimwa kwa kipimo hikihiki. Katika visa dhaifu lafudhi ni mboga yenyewe: maneno yanapotoka, watu wanatakiwa wacheke, na hakuna kingine. Katika visa vizuri lafudhi ni chumvi. Kinachochekwa ni mzee anayejiona mwerevu, na mzee huyo angechekesha hata kama angesema Kiswahili cha Unguja mjini. Mwalimu aweza kulithibitisha hili darasani bila gharama. Achukue kisa kimoja, aandike mazungumzo yake kwa Kiswahili sanifu, awape wanafunzi wayasome kwa sauti. Kisa kikibaki kinachekesha, ni fasihi. Kikifa, kilikuwa sauti tu.

Kwa upande wetu mfano wa kulinganisha ni Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyezaliwa 1948 na kufariki tarehe 8 Agosti 2018. Vichekesho vyake vingi vilitengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya mkanda na santuri, si kwa kituo cha televisheni, na kwa hiyo vina jalada, vina picha ya mbele, vina majina ya wachezaji. Mkusanyaji wake ana kazi nyepesi, ingawa katika majalada mengi niliyoyashika mwaka umesahauliwa. Majuto hakuhitaji kuvaa lafudhi ya mwingine. Alichekesha kwa Kiswahili cha kwao, chenye ujanja wa pwani ndani yake. Ze Komedi, iliyoanzia EATV katika miaka ya 2000, ni habari nyingine: pale kichekesho kilikuwa mwigo wa wakubwa na wa matukio ya juma lile, na bila maelezo kitakuwa kimezimika kabla ya Vitimbi, maana mtoto wa leo hajui waziri aliyeigwa ni nani. Pwagu na Pwaguzi ndio walio hatarini zaidi. Wengi wetu tunawahifadhi kichwani tu, na vichwa vyenyewe vina mvi.

Kuhusu utunzaji wa santuri zenyewe nitasema machache, kwa sababu nimeona watu wakizitunza upande usio wao. Wanaulinda upande unaong'aa, wanauweka upande wenye maandishi juu ya meza na kuuburuta. Katika sidii, na katika VCD, ule utando unaobeba picha uko karibu kabisa na upande wa maandishi, umefunikwa na rangi nyembamba. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua. Kalamu ya wino wa risasi yaweza kuuharibu. Katika dividii utando umo katikati ya bamba mbili, nao una usalama zaidi. Santuri iliyochomwa nyumbani imeandikwa katika rangi inayofifia kwa joto na mwanga wa jua, na vumbi letu jekundu la kiangazi halina huruma. Asiyetaka kupoteza anakili mapema katika flashi na katika kompyuta, wala asinakili picha peke yake: daftari la maelezo nalo linakiliwe, ama sivyo tumehamisha jalada la mchanganyiko kutoka sanduku moja hadi jingine.

Liko pia suala la haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999, na santuri nyingi ninazozizungumzia hapa zilichomwa na kuuzwa pasipo kumjali mtunzi wala mchezaji. Benson Wanjau alipopatwa na maradhi ya macho uzeeni, wananchi walichanga fedha ili atibiwe. Katika fedha zilizolipwa Kahama, Kibondo na Kasulu kwa ajili ya uso wake, sijui kama hata senti moja ilivuka mpaka kumfuata. Simtetei muuzaji. Nasema tu kwamba nakala ile haramu ndiyo nakala iliyoko, na kuichoma moto hakumlipi mtu. Iliyo haki ni kwamba mashirika yenye mikanda ya asili yatoe visa vyote, kwa mfuatano, kwa tarehe, kwa majina ya waliocheza, na kwa bei ambayo shule ya kata yaweza kulipa, na kwamba wachezaji au warithi wao wapate fungu lao.

Kama mikanda ya asili ingalipo. Vituo vingi duniani, hata vya nchi tajiri, vilikuwa na desturi ya kufuta mkanda ili kurekodi kingine juu yake, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali na kichekesho kilionekana kuwa kitu cha kupita. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960. Mchezo wao mashuhuri wa kuchekesha, Dad's Army, ulioonyeshwa kati ya 1968 na 1977, umeuzwa katika santuri kwa mfuatano mzuri kabisa, na hata hivyo visa vitatu vya mfululizo wake wa pili havimo, maana mikanda haijapatikana. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mchezo mwingine wa BBC, Doctor Who, vilivyodhaniwa vimepotea, vilipatikana Jos, nchini Nigeria, katika stoo ya kituo cha televisheni. Waingereza walikwenda kukitafuta chao Afrika, wakakikuta vumbini. Sioni kwa nini kisa kilichofutwa Nairobi kisipatikane siku moja Kibondo, katika sanduku la mtu aliyekuwa na kibanda umiza, mradi juu yake pawe na maandishi yanayosema ni nini.

Daftari langu lina safu sita: alama ya santuri, kisa kinaanzaje, maana visa vingi havina jina, waliomo, maneno yanayohitaji kuelezwa, ushahidi wa tarehe, na mwaka wa kukisia. Safu ya nne ndiyo inayojaa upesi. Walimu wawili wa sekondari wameanza la kwao kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, nao wanafunzi wameweka safu ya saba ambayo sikuifikiria: wanaandika ni nani katika darasa aliyecheka, na wapi. Katika ile santuri isiyo na neno juu yake kuna kisa kimoja ambacho bado sijakiwekea mwaka. Simu iliyomo ni ya mezani. Noti haionekani. Mama Kayai anataja bei ya unga, lakini sauti imekwaruza palepale penye tarakimu, na nimeirudisha mara nyingi nisisikie.